Mwanangu anauliza Mungu ana mikono, nimjibu nini?

SWALI: Asalaam aleykum. Nina mtoto wa miaka 7, anasoma chuo cha Qurani hapa Unguja. Juzi kaniuliza, mama, Mungu ana mikono? Na anakaa wapi? Nikauliza kwenye grupu la familia, basi ndo imekuwa ugomvi mpaka leo. Shemeji yangu aliyesoma Madina kasema Allah ana mkono kama alivyosema mwenyewe na yuko juu ya Arshi, yaani kiti chake cha enzi. Ustadh wa mtoto kasema huo mkono maana yake uwezo, na Allah hana mahali. Ami yangu ni Ibadhi, yale madhehebu ya Waomani wengi, yeye kasema nyie wote mnamfananisha na viumbe na hata huko Akhera hatoonekana. Sasa nani mkweli, na mtoto nimwambieje?

JIBU: Waaleykumu salaam mama. Hao wazee wako watatu, mchukue mmoja mmoja pembeni umuulize Allah anafanana na nini, wote watakujibu kitu kimoja, hafanani na chochote. Aya wanayoitegemea wote ni moja, Suratu Shura aya ya 11, hakuna kitu mfano wake, naye ndiye Mwenye kusikia Mwenye kuona. Na angalia ilivyokaa hiyo aya, imekataza kufananisha halafu hapo hapo ikasema anasikia na anaona, kwa hiyo kutofanana na sisi hakumfanyi awe hana sifa. Mimi naona aqida nzima, yaani imani yetu juu ya Allah, iko hapo, ukiishika hiyo hujapotea.

Ugomvi wao uko kwenye aya chache tu. Kwa mfano Suratul Fat-h aya ya 10, masahaba walipompa Mtume (SAW) baia, yaani ahadi ya utii, chini ya mti kule Hudaybiya mwaka wa 6 Hijria, Allah akasema mkono wake uko juu ya mikono yao. Na Suratu Taha aya ya 5 inayotaja Arshi. Shemeji yako anafuata njia ya kusema tunaithibitisha kama ilivyokuja na hatuulizi vipi. Ustadh anafuata njia ya Imamu Abulhassan Al-Ash'ari, mtu wa Basra aliyefariki karibu mwaka 324 Hijria, ndo hiyo ya sifa ishirini ambayo watoto wengi wa pwani wamehifadhi chuoni, wujudi (kuwepo), qidam (kutokuwa na mwanzo), baqaa (kutokuwa na mwisho) mpaka ya ishirini, na maulamaa wa njia hiyo wengine wanaufasiri huo mkono kuwa uwezo na wengine wanaiacha maana yake kwa Allah mwenyewe. Kabla ya wote hao Imamu Malik wa Madina aliulizwa kuhusu hiyo aya ya Arshi, Allah yuko juu yake vipi, akainamisha kichwa mpaka jasho likamtoka, kisha akajibu kwamba jambo lenyewe linajulikana, namna yake haijulikani, kuliamini ni wajibu na kuiulizia hiyo namna ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Mtu mwenye elimu ile anatoka jasho kwa swali hilo, sisi tunalijibu kwa voisi nouti tukiwa kwenye daladala!

Hili la kuonekana Akhera kweli ni tofauti kubwa na sitokuficha. Sunni wanashika Suratul Qiyama aya ya 22 na 23, nyuso zitakazomtazama Mola wao, na hadithi iliyoko kwa Bukhari na Muslim kwamba waumini watamuona kama wanavyouona mwezi usiku wa mwezi mpevu. Ibadhi wanashika Suratul An'aam aya ya 103, macho hayamfikii, na jibu alilopewa Nabii Musa, hutaniona. Mufti wa Oman Sheikh Ahmad bin Hamad Al-Khalili, ambaye ni mzaliwa wa Zanzibar, ameitetea sana rai hiyo. Mimi ni Sunni na naamini tutamuona inshallah, ila ami yako anachokililia ni utukufu wa Allah usiguswe, kwa hiyo kumwita mpotevu mbele ya watoto hapana jamani.

Sasa mtoto. Nakuomba usimwambie nyamaza ni dhambi kuuliza, hilo linaniuma sana maana anakua anamuogopa Mola wake badala ya kumjua. Mwambie Allah ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, hasinzii wala halali, anakuona hata taa ikizimwa. Akirudi kwenye mikono mwambie Allah katuambia kwenye Qurani na yeye si kama mtu yeyote, kwa hiyo usimchore kichwani. Akiuliza wapi, mwambie yeye ndiye aliyeziumba mbingu na ardhi na anatusikia tukimuomba. Kwa miaka 7 inatosha, mambo ya Ash'ari atayakuta akikua.

Na wewe mwenyewe chukua tafsiri ya Kiswahili usome Ayatul Kursiyyu, aya tatu za mwisho za Suratul Hashri na mwanzo wa Suratul Hadidi, taratibu, peke yako, hilo grupu liwekee myuti kwanza.