Pilau hakuna, lakini ufuta ni wetu

Wiki hii mmetuuliza: "Ni mgahawa gani hapa Dar usiochoka kuurudia, na unarudia nini?" Najua wengi watawatajia vibanda vya chipsi na kuku wa kuchoma. Mimi narudi kwa mume na mke wa Kilebanoni wenye meza saba tu, upande wa Msasani. Jina silitaji, msije mkasema nimelipwa.

Nianze na ubaya wao. Chakula kinachelewa. Jikoni yuko mke, kwenye mkaa yuko mume, na anayeandika oda ni kijana wao wa sekondari, ambaye akipata upenyo anarudi kaunta kumalizia hesabu zake za shule. Ukienda Jumamosi usiku na njaa ya kweli, utamaliza mikate yote kabla mishikaki haijafika. Pa kuegesha gari hakuna. Shawarma wanazo, ila kwa shawarma msihangaike kwenda huko; mjini zimejaa, na nyingine zinaishinda yao.

Ninachofuata mimi ni vile visahani vya mwanzo: dengu zilizosagwa, biringanya za kuchomwa zenye harufu ya moshi, mtindi uliochujwa maji ukawa mzito kama jibini, na ile saladi ya majani yaliyokatwa madogo madogo kwa ndimu na ngano iliyopondwa. Vyote vinawekwa katikati, kila mtu anamega mkate na kuchovya. Kwenye orodha vimeandikwa "Meze". Mdogo wangu aliposoma mara ya kwanza aliuliza, "Nani ameze?"

Mwaka juzi mama alikuja kutoka Ruangwa, Lindi, kutibiwa macho, nikampeleka. Tulipoingia tu yule kijana akasema, "Shikamoo bibi." Mama akasimama kabisa. "Marahaba mjukuu wangu. Kumbe Kiswahili unakijua!" Kijana akacheka: "Nimezaliwa hapa hapa, bibi."

Kisha akatoka baba mtu, mikono ina majivu, akavuta kiti: "Tfaddali, mama, tfaddali." Mama akaninong'oneza, "Huyu anaomba nini?" Maana kwetu tafadhali ni neno la mwombaji. Kwao ni la mwenyeji: karibu, kaa, chukua, kula. Tulilichukua neno kwao halafu tukaligeuza upande.

Shida ilikuwa pilau. Mama aliitafuta kwenye orodha yote, na mimi ndiye niliyekuwa namsomea. "Kwa Mwarabu hakuna pilau?" Nikamweleza kwamba Waarabu tuliowazoea huku pwani ni wa Oman na Washihiri wa Yemen, hawa wanatoka kaskazini kabisa, kwenye bahari nyingine, na wao ni watu wa ndimu, mkate na mafuta ya zeituni. Hakuridhika. Alikunja uso mpaka zilipoletwa zile dengu.

Alichovya mara moja. Akachovya tena, akafumba macho. "Humu mna ufuta."

Nilishangaa nini? Mama amelima ufuta maisha yake yote. Anajua kuupalilia, kuukata na kuusimamisha ukauke kabla vibweta havijapasuka, kuupeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kungoja mnada wa stakabadhi ghalani, ufuta ukiwa ghalani na yeye ana risiti tu mkononi. Lakini nyumbani ufuta wenyewe tunaula kwenye kashata tu, basi. Kwamba kuna watu wanausaga ukawa rojo kama siagi ya karanga, wakauchanganya na dengu, kitunguu saumu na ndimu, hilo hakuwahi kuambiwa na mnunuzi yeyote. Akauliza bei ya kisahani. Nikamwambia 12,000. "Hizo ni kilo ngapi za ufuta?" Sikujibu. Aliendelea kuhesabu kwa vidole vilivyojaa mafuta.

Mwenye jiko aliitwa. Akaja akijifuta mikono, na mama akamhoji kama mkaguzi: dengu zinalainikaje hivi, maganda yameenda wapi? Yule mama alisema analoweka usiku kucha na kutia unga kidogo mweupe wakati wa kuchemsha. "Magadi!" mama akasema, akanigeukia mimi kana kwamba nilikuwa nimebisha. Wakaongea nusu saa, mmoja kwa Kiswahili cha Lindi, mwingine kwa Kiswahili cha sokoni na mikono. Mishikaki ilipofika ilikuwa imepoa.

Yule mama ana tabia moja: ukibakiza chakula anakukaripia. Anasimama juu yako, "Kwa nini? Mbaya?" mpaka umalize. Siku pekee aliyoniacha ilikuwa Agosti 2020, siku moja baada ya bandari ya Beirut, kwao Lebanoni, kulipuka. Mume alikuwa barazani na simu sikioni, anapiga, haipokelewi, anapiga tena. Tulihudumiwa kama kawaida. Nilibakiza nusu sahani, mke akaitoa kimya kimya wala hakuitazama. Wiki iliyofuata nilikwenda tena. Ndugu zao walikuwa wamepatikana wote, na nikakaripiwa kwa kipande cha mkate.

Mama aliporudi Ruangwa na mavuno yakaisha, aliniagizia debe la ufuta kwa basi. Nilikwenda kuupokea Mbagala, nikaubeba kwa bajaji hadi Msasani. Yule mama wa Kilebanoni aliuchota kiganjani, akaunusa, akatafuna punje chache, akaniambia nirudi Ijumaa.

Ijumaa nilikuta kisahani kinaningoja. Rangi imekolea kuliko siku zote, na nyuma ya ulimi kuna uchungu kidogo. Yeye mwenyewe aliuona; alikuwa ameshika kiuno, anasubiri nitasema nini. Nikampigia mama, nikaweka sauti kubwa.

"Hajaukoboa huyo," mama akasema hata sijamaliza kueleza. "Mwambie auloweke kwanza, ausugue, maganda yatoke, ndipo aukaange. Na nikija tena, hiyo elfu 12 silipi."

Msomaji wenu,
Mwananyamala, Dar es Salaam