Kipara si sliki: tairi na mvua kwa vijana wanaoanza mbio za pikipiki Kigoma

Kila mvua zikianza kunukia, kwenye banda langu la ufundi pale Mwanga, hapa Kigoma, haipiti wiki bila kijana kuja na hoja ileile. "Fundi, wale wa kwenye televisheni tairi zao hazina kashata hata moja, na wanalala kona mpaka goti linasugua lami. Sasa hii yangu ina ubaya gani?" Halafu ananionyesha tairi la nyuma lililolika katikati mpaka limekuwa bapa kama chapati.

Nimejibu swali hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandike, hasa kwa wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye hizi mbio zetu za wikiendi, za kwenye vumbi na zile za kwenye kipande cha lami.

Tairi la MotoGP, zile mbio kubwa za pikipiki za dunia, lisilo na kashata, yaani sliki, si kwamba lilikuwa nazo zikaisha. Limezaliwa hivyo. Mpira wake ni laini, na kabla ya kuingia uwanjani hufungwa blanketi za umeme mpaka liwe la moto kabisa, kwa sababu mpira ule unanata ukiwa na joto. Kwenye lami kavu na safi, kashata ni hasara tu, maana kila mfereji ni sehemu ambayo mpira haugusi chini. Ndiyo maana wameiondoa. Lakini mvua ikinyesha, hao hao wenye sliki ndio wa kwanza kuikimbia. Tangu 2005 sheria ya MotoGP inaruhusu mbio kuendelea mvua ikianza: bendera nyeupe inaonyeshwa, na mpanda pikipiki anaingia pembeni kuchukua pikipiki ya pili iliyokwisha kufungwa matairi ya mvua. Mara ya kwanza kutumika ilikuwa Phillip Island, Australia, 2006. Mtu analipwa mamilioni, ana mafundi kumi nyuma yake, na bado anaona heri apoteze sekunde nyingi kubadilisha pikipiki nzima kuliko kuzunguka raundi moja zaidi na sliki kwenye maji.

Tairi lao la mvua nalo lina kasoro yake. Lina mifereji mirefu ya kutupa maji pembeni na mpira laini zaidi, ufanye kazi hata ukiwa wa baridi. Njia ikikauka, linapata joto kupita kiasi na kuanza kumeguka ndani ya raundi chache. Hakuna tairi la kila kitu.

Sasa njoo kwenye hili la kwako. Tairi la bodaboda limetengenezwa lidumu. Libebe abiria, mzigo wa dagaa, mkungu wa ndizi, lipite kokoto za njia ya Kasulu, na bado limalize miezi. Kwa hiyo mpira wake ni mgumu tangu dukani. Likishaisha kashata unabaki na mpira mgumu, uliokaangwa na jua, mwembamba, na hauna pa kupitishia maji. Ulaini wa sliki huna, mifereji ya tairi la mvua huna. Hicho ni kipara, na kwenye ukaguzi ninaofanya kabla ya mbio zetu kipara hakiingii.

Kuna wajanja wanaochonga. Wanachukua kisu cha moto na kuchimba mifereji mipya kwenye kipara ili kipite ukaguzi. Nimeyaona mawili matatu, moja limechimbwa mpaka nyuzi za ndani zinachungulia. Huko kwenye mbio kubwa kulikata au kulitia dawa tairi ulilopewa ni kosa la wazi kwenye sheria. Hapa kwetu sihitaji sheria. Nakuonyesha nyuzi, unazigusa kwa kidole chako, tunaelewana.

Kabla hujanunua, jifunze kusoma ubavu wa tairi. Wengi wetu tunasoma jina la kampuni tu. Ukiona 3.00-18, maana yake tairi lina upana wa karibu inchi tatu na linakaa kwenye ringi ya inchi kumi na nane. Pembeni yake mara nyingi kuna kitu kama 52P. Hiyo 52 ni uzito: kilo 200 kwa tairi hilo moja. P ni mwendo: kilomita 150 kwa saa. Mshikaki wa watu watatu na gunia juu, ukijumlisha na uzito wa pikipiki yenyewe, tairi la nyuma limeshafika mpakani au limevuka, na halisemi. Linakuja kusema siku nyingine kabisa, ukiwa peke yako kwenye kona.

Tafuta pia tarakimu nne zilizozungushiwa kama kidonge, mara nyingi mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Ukikuta 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata zote, linanukia upya, limepakwa mafuta linang'aa, kumbe limekaa stoo kwenye joto miaka saba. Bonyeza kwa ukucha. Mpira ulio hai unakubali kidogo kisha unarudi, uliokufa unakukatalia kabisa. Angalia ufa mdogomdogo kwenye mizizi ya kashata. Na mshale uliochorwa ubavuni si urembo, ingawa kuna muuzaji mmoja aliyewahi kuniapia kuwa ni urembo. Unaonyesha upande wa kuzunguka. Ukilifunga kinyume, mifereji iliyopangwa kutupa maji nje inafanya kazi kinyume chake.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vilivyolala. Kashata ikishuka ikawa sawa na kinundu, tairi limekwisha. Kwa mbio za mvua mimi sisubiri kifike huko.

Lakini kama utasahau yote na kukumbuka moja, kumbuka tairi la mbele. Hapa nina kovu.

Mwaka wangu wa pili kushindana nilikuwa na hela ya tairi moja tu. Nikafanya wanachofanya karibu wote: jipya nikaweka nyuma, "kwa sababu ndiko kwenye nguvu", na la mbele lililoisha nikaliacha. Mbio zilikuwa kwenye kipande cha udongo mwekundu upande wa Kidahwe. Raundi mbili nilikuwa wa pili, najisikia bingwa. Ikaanza manyunyu. Kwenye kona ya kushoto nikagusa breki ya mbele, kidogo tu, kama kawaida. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kuona mti wa mchikichi ukiwa umelala ubavu, nikajiuliza kwa nini mchikichi umelala, ndipo nikajua aliyelala ni mimi.

Tairi la nyuma likiteleza, pikipiki inacheza mkia na mara nyingi unapata nafasi: unalegeza moto, yaani akseleta, taratibu, inarudi. La mbele likiteleza huna nafasi. Usukani unajikunja na uko chini kabla hujasema lolote. Na ukishika breki uzito wote unakwenda mbele, kwa hiyo kazi kubwa ya kusimama inafanywa na tairi ambalo sisi tunalipa masalio. Una hela ya moja? Nunua la mbele. Nyuma tafuta la mkopo kwa rafiki, ubishane naye baadaye.

Upepo. Kijiweni utaambiwa mvua ikinyesha toa upepo tairi litanuke na kushika. Kwenye lami huo ni ushauri mbaya. Tairi likilegea, katikati linakunjamana, mifereji inajifunga, maji hayana pa kupita, na tairi linaanza kuelea juu ya maji badala ya kuyakata. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Kwa hizi tunazotumia wengi, mbele huwa karibu psi 25 kwenye geji na nyuma 28 au zaidi kidogo kutegemea uzito. Pima tairi likiwa baridi, na upime kwa geji. Kidole na teke si geji.

Kwenye tope ni kweli kupunguza kidogo kunasaidia, na wa motokrosi wanapunguza sana. Ila wao wana kufuli maalumu ndani ya ringi inayolibana tairi lisihame. Wewe huna. Ukishusha sana kisha ukavuta moto ghafla, tairi linazunguka juu ya ringi, linaburuta tyubu, na tyubu inang'oa nozeli yake yenyewe. Umepata pancha ambayo hakuna kiraka cha kuiziba. Ukiona nozeli imelala upande badala ya kusimama wima, ujue imeshaanza.

Tuje kwenye mvua yenyewe. Huku kwetu inaanza karibu Oktoba na kwenda mpaka Mei, kwa hiyo mwenye kusubiri kiangazi ndipo afanye mazoezi atafanya miezi minne tu. Dakika za mwanzo ndizo mbaya kuliko dhoruba yenyewe. Vumbi, oili na matone ya mafuta ya wiki nzima vinaelea juu ya maji machache na kuwa kama mlenda. Ikishanyesha vizuri nusu saa, lami inaoshwa na inashika afadhali. Kigoma tuna letu la ziada: mawese. Madumu yanashushwa na kupandishwa milimani kila siku, yanavuja, na mteremko wa kushuka stesheni kuelekea ziwani una michirizi ambayo jua likiwaka huioni. Mvua ikigusa, unaiona ukiwa umekaa juu yake.

Kwenye viwanja vya wenzetu jambo hili lina bendera yake, ya njano yenye mistari myekundu: njia inateleza mbele. Na vilabu vingi vya ridhaa Ulaya na Marekani vina kanuni mbili ambazo mwanzoni nilidhani ni ukorofi. Ya kwanza, nati ya kumwagia oili lazima ifungwe waya ili isiweze kujifungua. Ya pili, rejeta iwekwe maji matupu, si kipoozeo chenye glaikoli, kwa sababu kikimwagika kinateleza na hakikauki upesi kama maji. Ukizitazama zote mbili, hazimlindi mwenye pikipiki. Zinamlinda anayemfuata. Pikipiki zetu nyingi hazina rejeta, kwa hiyo la pili halituhusu sana, lakini la nati linatuhusu mno. Nati zetu zimekula nyuzi, tumezizungushia mpira na maombi. Waya ni mia chache. Toboa kichwa cha nati, pitisha waya, uvute kuelekea upande wa kukaza, funga.

Kuhusu kuendesha sitasema sana, hilo linajifunzwa na makalio. Fanya jambo moja kwa wakati: breki pikipiki ikiwa imesimama wima, achia, ndipo uingie kona, toka, ndipo uvute moto. Breki ya mbele ibonyeze kama unakamua embe lililoiva usilotaka lipasuke. Panda gia mapema kidogo ili nguvu isifike nyuma kwa kishindo. Mwili uingie ndani ya kona, pikipiki ibaki imesimama zaidi kuliko siku ya jua. Mikono ilegee, ukikaza mabega, kila mtetemo mdogo wa tairi la mbele unaugeuza kuwa mkubwa. Kwenye lami, jihadhari na ule mstari mweusi ambao kila mtu hupita siku kavu. Mpira uliosugulika pale ukilowa ni sabuni, na mara nyingi pembeni kidogo kunashika vizuri zaidi. Rangi nyeupe za barabara na reli zilizolowa usizikate kwa mshazari.

Kioo cha kofia pakaa sabuni ya maji kidogo ndani, ifute kwa kitambaa kikavu, hakitaweka ukungu. Taa ya nyuma iwake. Kwenye mbio za wenzetu taa nyekundu ya nyuma ni lazima mvua ikitangazwa, na sababu utaijua ukiwa nyuma ya mtu anayerusha maji mita mbili juu.

Radi ikilia, tunasimamisha. Uwanja wetu ni wazi, wewe na chuma chako ndiyo kitu kirefu kuliko vyote, na hapo sitaki mjadala na mtu aliyekuwa anaongoza. Vivyo hivyo mvua ikikukuta na tairi lisilofaa. Yule wa MotoGP ana pikipiki ya pili inamsubiri. Wewe unayo moja, na kesho asubuhi inatakiwa iwe kijiweni. Inua mkono, toka pembeni, zima.

Jambo la mwisho ni la wale watakaokimbilia dukani baada ya kusoma haya. Tairi jipya kabisa linateleza. Limetoka kwenye kalibu na utando unaong'aa juu, na unahitaji kilomita kama mia moja za taratibu kuuondoa, ukilaza pikipiki kidogokidogo mpaka pembeni nako kuguswe. Kwa hiyo usinilete tairi la Jumamosi jioni kwenye mbio za Jumapili. Nunua mapema wiki, nenda Ujiji urudi, nenda tena, usipakie mtu, usishindane na daladala. Jumapili asubuhi nitalipitishia kiganja kwenye ukaguzi. Likiwa bado linang'aa, utatazama mbio ukiwa chini ya mwembe pamoja na shangazi zako.