Kahawa ya Kopo la Mama, na Ile Tuliyoilima Bila Kuionja

*Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mkaazi wa Nakuru, anajibu maswali ya wasomaji kuhusu jikoni na mezani.*

Shikamoo Mwalimu. Nilikulia Kaloleni, Kisumu, miaka ya sabini. Baba alikuwa kuli bandarini. Mama alikuwa na kopo la kahawa ya unga juu ya kabati, na lilishushwa wageni wakija tu. Nimenunua kahawa za kila aina, nimekunywa hata kwenye mikahawa ya Milimani, ladha ile siipati. Ilikuwa kahawa gani? Waliibadilisha? – Msomaji, Kisumu

Marahaba ndugu yangu. Makopo yaliyokuwa kwenye kabati za watu wetu yalikuwa hasa mawili, Nescafé na Africafe. Kwa kuwa baba alikuwa mtu wa bandarini, mimi naiweka Africafe mbele. Hutengenezwa Bukoba, na enzi hizo meli ya MV Victoria ilizunguka ziwa kutoka Kisumu hadi Musoma, Mwanza na Bukoba, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Watu wa bandarini hawakukosa kitu cha kutoka ng'ambo. Wasafiri wa Bukoba walikuja pia na zile buni zilizochemshwa na majani ya dawa kisha zikakaushwa, ambazo Wahaya humpa mgeni atafune.

Kahawa ya Bukoba kwa wingi ni robusta. Ni chungu, nzito, na ukiitia maziwa haipotei. Mkahawa wa Milimani unakupa arabika ya Kenya, yenye uchachu kidogo na harufu ya matunda. Ni kahawa bora sana, lakini kwenye maziwa mengi na sukari nyingi hunyong'onyea. Kwa hiyo ulimi wako haukudanganyi. Unaitafuta robusta ndani ya kikombe cha arabika.

Halafu kuna mkono wa mama. Nyumbani kwetu kijiko kimoja cha kahawa na viwili vya sukari viliwekwa kwenye kikombe cha bati, yakadondoshwa maji kidogo tu, kisha mtoto mmoja akakabidhiwa kazi ya kupiga. Unapiga na kijiko mpaka rangi nyeusi inageuka hudhurungi nyepesi na mchanganyiko unavimba. Jirani akisikia mlio ule wa kijiko alijua mna mgeni. Ndipo yanamiminwa maziwa yanayochemka, ya ng'ombe, yasiyotiwa maji, na povu linapanda lenyewe hadi ukingoni. Jaribu hivyo kwa maziwa mabichi uliyochemsha mwenyewe kwenye jiko la makaa. Maziwa ya pakiti na maji ya birika la umeme hayakufikishi huko.

Mwalimu, babangu alikuwa na miti ya kahawa huku Chwele, na sisi watoto ndio tuliochuma. Lakini sikumbuki hata siku moja tukinywa kahawa nyumbani. Ilikuwa chai asubuhi, chai jioni. Kwa nini? – Msomaji, Bungoma

Swali hili limenigusa, maana nilianzia kazi ya ualimu huko huko kwenu. Msimu wa kuchuma ukifika madawati yalibaki matupu, na aliyekuja alikuwa na vidole vyeusi vya utomvu.

Kahawa haikuletwa kwetu tuinywe. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kuilima kabisa. Walioruhusiwa kwanza, kwa majaribio, katika miaka ya thelathini, ni wa Kisii, Meru na Embu. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ule wa serikali ya kikoloni wa kukuza kilimo cha Waafrika, na hapo ndipo miteremko ya Elgon ilipojaa miti. Lakini angalia njia iliyopita zao lenyewe. Mnachuma, mnabeba hadi kiwanda cha sosaiti, yaani chama cha ushirika, karani anapima, anaandika kwenye kadi. Kahawa inamenywa, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa juu ya meza za waya. Baadaye magunia yanakwenda Nairobi kukobolewa na kupigwa mnada. Baba alibaki na kadi na kusubiri malipo. Kilichosalia shambani ni mbuni, zile zilizokaukia mtini, nazo pia zilikuwa na mnunuzi. Chai nayo ilikuwa dukani, pakiti ndogo ya bei ya mtu wa kawaida, na haihitaji kukaangwa wala kusagwa.

Thamani yake tuliijua kwa macho, siyo kwa ulimi. Baridi kali iliunguza mashamba ya Brazil mwezi Julai 1975 na bei ikaruka duniani kote. Uganda ilikuwa chini ya Amin, na wakulima wake walikuwa na kahawa lakini hawana sabuni, chumvi wala sukari. Soko la Chepkube hapo mpakani likageuka mgodi. Punda walivuka usiku na magunia, na watu waliokuwa wakitembea kwa miguu Krismasi moja walionekana na magari Krismasi iliyofuata. Waulize wazee wako habari za magendo ya Chepkube, hawatanyamaza.

Mwaka 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisitishwa na bei ikaporomoka. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa takriban tani 130,000. Leo hatufikii hata nusu ya hizo. Wengi waliiacha miti ikavamiwa na magugu, wengine wakaing'oa wakapanda mahindi.

Mimi nasema kila sosaiti yenye kiwanda ingeuza kahawa iliyokaangwa hapo hapo langoni, kwa kipimo cha pakiti ya chai. Mkulima aliyeionja kahawa yake hawezi kudanganywa kuhusu daraja lake. Huu ni upungufu wa miaka mingi na unaniuma.

Kama miti ya mzee ingali hai, anza na mbuni kavu. Twanga kwenye kinu taratibu maganda yaachane, pepeta kwa ungo, kisha kaanga kwenye kikaango kizito juu ya makaa ya wastani. Usiache kukoroga. Dakika kama kumi hivi utaisikia ikipasuka kama bisi. Ngoja ishike rangi ya hudhurungi iliyokolea, usiifikishe kwenye weusi wa mkaa, kisha mwaga kwenye ungo upepete ipoe haraka. Ilaze hadi kesho yake ndipo usage. Na umpe mzee kikombe cha kwanza.

Mwalimu, hapa Bondeni, Nakuru, wauza kahawa chungu wa jioni wamepungua. Nitaipikaje mwenyewe? – Msomaji, Nakuru

Ni kweli, na mimi nawakosa. Baada ya magharibi ungemsikia muuzaji kabla hujamwona, akigonganisha vikombe vile vidogo visivyo na mkono, dele la shaba mkononi na makaa chini yake.

Tumia kahawa iliyosagwa laini, siyo ya kopo. Kwa kila vikombe vinne vidogo tia vijiko viwili vilivyojaa kwenye maji yanayochemka, pamoja na tangawizi kavu iliyopondwa. Iliki ni hiari. Punguza moto, ichemke polepole robo saa, isifurike. Ipua, iache machicha yazame, umimine bila kutikisa. Sukari haiingii. Utamu unatoka kwa kashata, tende au halwa unayoitafuna pembeni. Kama dele huna, birika dogo la bati litakutosha, mradi halijawahi kupikiwa chai ya maziwa.