Anzia kwenye passé simple

Dada, umeuliza kwa nini kitabu chako cha Kifaransa kimeandika "qu'il fût" ilhali ulifundishwa "il fut", na vitenzi hivi utavinyambuaje bila kukariri kimoja kimoja. Hiyo "fût" ni subjonctif imparfait, umbo la kitenzi linalokuja baada ya "que" kwenye sentensi za wakati uliopita, kwa mfano baada ya "nilitaka kwamba...". Kila kitu chake kinatoka kwenye passé simple, yaani wakati uliopita wa kimaandishi, kama "il fut". Chukua nafsi ya pili umoja, tuseme "tu parlas", kisha ongeza -se: que je parlasse. Ukishaipata hiyo, nyingine zinateremka zenyewe: parlasses, parlassions, parlassiez, parlassent. "Tu finis" inakupa finisse, "tu fus" inakupa fusse, na hata "tu vins", inayotisha watu, inakupa vinsse.

Nafsi ya tatu umoja ndiyo inayowaangusha wengi, maana haina -sse kabisa. Inaishia na -t, na irabu ya mwisho inavaa kikofia: qu'il parlât, qu'il finît, qu'il vînt. Hapo ndipo penye "fût" yako. Kwa sikio, "fut" na "fût" ni kitu kimoja; kikofia ndicho kinachokuonyesha kwamba umeingia kwenye subjonctif, kwa hiyo usikiache hata siku moja unapoandika.

Kuizungumza usijisumbue. Mfaransa wa leo husema "je voulais qu'il vienne" (nilitaka aje), kwa subjonctif ya wakati uliopo. "Qu'il vînt" utaikuta zaidi kwenye riwaya za zamani. Jizoeze kwanza kuitambua unaposoma, hasa hiyo nafsi ya tatu, maana ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi.