Maswali ya Wasomaji: Swichi Janja Kwenye Taa ya Ngazi

SWALI: Ndugu Mshauri, nyumba yetu ya ghorofa iko Mbezi, Dar es Salaam. Taa ya ngazi huwashwa na kuzimwa kwa swichi mbili, moja chini na nyingine juu. Fundi aliitoa swichi ya chini akafunga swichi janja ya waifai, na kwa kuwa ndani ya boksi hapakuwa na nyutro (waya wa kurudisha umeme), aliivuta kutoka kwenye soketi iliyo karibu. Sasa swichi hiyo inafanya kazi pale tu swichi ya juu inapokuwa imebonyezwa upande mmoja. Mtu akiibonyeza upande wa pili, swichi janja inazimika kabisa na kupotea kwenye simu. Je, nimeuziwa swichi mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, swichi yako haina dalili yoyote ya ubovu. Ingekuwa mbovu, isingekuwa inafufuka kila mara swichi ya juu inapogeuzwa. Kinachotokea ni kwamba inakatiwa umeme.

Taa inayoendeshwa na swichi mbili hutumia swichi za njia mbili, ambazo kila moja ina matundu matatu: COM (la pamoja), L1 na L2. Kwa ufungaji uliozoeleka katika nyumba zetu, waya wa moto kutoka kwenye breka huingia COM ya swichi moja, waya unaokwenda kwenye taa hutoka COM ya swichi nyingine, na katikati yake hupita nyaya mbili za kupokezana zinazounganisha L1 na L1, L2 na L2. Wakati wowote ni waya mmoja tu kati ya hizo mbili ulio na umeme, na swichi ya upande wa moto ndiyo inayoamua ni upi. Kwa dalili uliyoitaja, moto wa kudumu unaingilia kwenye boksi la juu, na fundi ameilisha swichi janja kwa mojawapo ya nyaya za kupokezana. Swichi ya juu ikigeuzwa, waya huo unakosa umeme, nayo swichi janja, ambayo inahitaji umeme muda wote ili redio yake ibaki hewani, inazimika. Kama ingekuwa inabaki kwenye simu lakini taa haiitikii, ningesema kinyume chake: kwamba moto unaingilia chini, na ni njia ya kutoka ndiyo inayokatwa juu.

Hata hivyo, dhana hiyo ithibitishwe kwa kipimo kabla ya kuunganisha upya. Breka izimwe, swichi zote mbili zitolewe, ncha zote zitenganishwe zisigusane, kisha umeme urudishwe na kila waya upimwe kwa mita ya volti dhidi ya nyutro au ethi (waya wa ardhini). Waya mmoja tu ndio utakaokuwa na volti kamili, na boksi uliomo ndilo mlango wa moto. Testa ya bisibisi isitegemewe hapa, kwa sababu nyaya za kupokezana hupita pamoja na waya wa moto ndani ya bomba moja, na taa ya testa huweza kuwaka kwenye waya ambao haujaunganishwa popote.

Rangi nazo zisiaminiwe. Katika rangi za zamani za Uingereza, ambazo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilifungwa kwazo, nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Tangu 2004 Uingereza ilianza kutumia kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro, na mwaka 2006 ikawa lazima. Katika kebo mpya ya nyaya tatu za kahawia, nyeusi na kijivu, ile nyeusi si nyutro tena, bali hubeba moto kama wenzake. Kwenye nyumba iliyoongezewa waya na mafundi tofauti, rangi moja inaweza kuwa na kazi mbili katika boksi moja.

Ikithibitika kuwa moto unaingilia juu, marekebisho ni haya. Juu, waya wa moto uunganishwe moja kwa moja na mojawapo ya nyaya za kupokezana, bila kupita kwenye swichi, ili ufike chini kama moto wa kudumu na kuingia tundu L la swichi janja. Waya wa taa, uliokuwa kwenye COM ya chini, uingie tundu lake la kutokea. Waya wa pili wa kupokezana sasa unabaki huru, na matumizi yake yanategemea swichi uliyonunua. Kama ina tundu la swichi ya pili, soma kwenye karatasi yake ya maelekezo kama tundu hilo linapokea moto wa volti 230 au linataka mguso mkavu usio na umeme, kwa maana ukilipelekea moto lile la aina ya pili utaliunguza. Kama halipo kabisa, tumia kitufe cha betri kisicho na waya kinachobandikwa ukutani juu, na boksi lifunikwe kwa kifuniko kisicho na swichi.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi, na ambalo hukuliuliza, ni ile nyutro iliyoazimwa kwenye soketi. Tafadhali iondolewe. Swichi janja hula umeme mdogo sana, kwa hiyo breka ya usalama, ile inayokata umeme unaporudi kwa njia isiyo yake, inaweza isiruke kabisa na kila kitu kikaonekana salama. Lakini siku fundi atakapozima breka ya soketi na kuilegeza nyutro hiyo akiamini haina kitu, moto wa taa utamfikia kupitia swichi janja. Nyutro ivutwe kutoka kwenye taa yenyewe ya ngazi, yaani kutoka saketi ileile, kwa waya wa milimita 1.5 za mraba. Nyumba zetu nyingi zina mabomba ndani ya kuta, hivyo kwa springi ya kuvutia waya kazi hiyo haihitaji kubomoa kitu. Ethi isitumike kamwe badala ya nyutro. Mwachie kazi hii fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji Tanzania.

SWALI: Nipo Mombasa. Nimeweka swichi janja isiyohitaji nyutro, na balbu za LED zinabaki na mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa. Nifanyeje?

JIBU: Swichi ya aina hiyo hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya balbu hata inapokuwa imezimwa. Balbu za zamani za uzi hazikuuonyesha, ila LED huwaka au kumetameta kwa kiasi kidogo mno. Ndani ya kasha la swichi hiyo aghalabu huwa na kapasita ndogo yenye nyaya mbili. Ifungwe kwenye taa, si kwenye swichi, kati ya waya unaotoka kwenye swichi na nyutro. Taa zikiwa kadhaa kwenye swichi moja, kapasita moja kwa kawaida hutosha.

SWALI: Ndugu yangu aliye Marekani anataka kuniletea swichi janja za ngazi. Je, zitafaa huku?

JIBU: Mwambie asinunue kabla ya kusoma maandishi ya nyuma. Nyingi za huko ni za volti 120 na hezi 60 pekee, na zetu za volti 230 zitaziunguza. Hata zile zinazokubali volti zote mbili hutengenezwa kwa boksi refu na jembamba, ambalo halilingani na boksi letu la mraba. Huko pia zinaandikwa swichi za njia tatu, nazo ndizo zilezile tunazoziita za njia mbili, kwa hiyo akikutajia tatu asikuchanganye. Moduli ndogo inayofichwa nyuma ya swichi ya kawaida, ikiwa imeandikwa volti 100 hadi 240, ndiyo yenye nafasi ya kufaa, mradi boksi lako liwe na kina cha kuipokea.