Shangazi, nilipie daraja la pili la semina?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, naishi Morogoro na wanangu wawili. Nashona nguo za kike na sare za shule hapa barazani kwangu, huu mwaka wa tisa. Mwezi wa tatu rafiki yangu alinipeleka kwenye semina ya kujitambua, nikatoka pale mtu mwingine kabisa. Mwalimu wetu alituingiza kwenye kundi la WhatsApp. Kila siku saa kumi na moja alfajiri anatuma sauti za kututia moyo, nazisikiliza kwa saa nzima. Naamka saa kumi kama alivyotufundisha. Malengo yangu nimeyaandika kwenye daftari, na ukutani nimebandika picha ya duka ninalolitaka, la vioo, lenye mafundi sita.*

*Nikimaliza kusikiliza nina nguvu za ajabu. Ikifika saa tatu nikikaa kwenye cherehani, mwili wote unalegea. Nashika simu. Nafagia. Naenda sokoni kununua uzi ambao ninao. Sketi ya shule inayonichukua saa moja na nusu inalala wiki mbili. Leo nina vitambaa 14 vya wateja havijakatwa, vingine vya tangu mwezi wa saba. Kuna gauni la mteja mmoja la harusi ya mdogo wake, harusi yenyewe imeshapita. Simu naiweka bila mlio.*

*Mwalimu anasema nina mtazamo wa kimaskini na naogopa mafanikio. Anataka niingie daraja la pili, siku 21 za kubadili akili, kwa shilingi 250,000. Naweza kuzikopa VICOBA. Je, nilipie? Na hamasa isiyoisha inapatikana wapi? Nimechoka kuwa mvivu.*

*Fundi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu.

Usilipie. Nimeanza na jibu kwa sababu nahofia ukisoma maelezo kwanza utakuwa umeshampigia mwenyekiti wa kikundi. Mkopo wa VICOBA unadhaminiwa na wenzako. Ukikwama kurejesha, nao wataingia kwenye orodha ya watu unaowakwepa, na orodha hiyo tayari ni ndefu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Duka la vioo umelieleza mpaka idadi ya mafundi. Semina umeieleza mpaka saa ya kuamka. Gauni la harusi ukalipitisha kwa sentensi moja, kisha ukakimbilia kwenye simu isiyo na mlio. Hukuniambia ni kitambaa gani, wala ulipokea shilingi ngapi za awali, wala kama mwenyewe alikuja kukutafuta ukamtuma mtoto akaseme mama katoka. (Alikuja, sivyo?)

Mimi nadhani shida yako yote imekunjwa ndani ya kitambaa hicho.

Kwanza hilo neno mvivu tuliweke kando. Mvivu hafagii. Mvivu haamki saa kumi alfajiri kwa miezi minane akiwa na watoto wa kuwaandaa kwenda shule. Wewe unafanya kazi kutwa nzima, ila ni kazi ya kuzunguka cherehani bila kuigusa. Ukikaa tu, jicho linatua kwenye lile rundo, na ndani ya rundo kuna mtu aliyekuamini akaenda harusini kwa mdogo wake na nguo ya kuazima. Kifua kinabana. Ukiinuka kushika ufagio, kifua kinaachia. Mwili haukusomea saikolojia, lakini hesabu hiyo unaijua: cherehani inaumiza, ufagio unaponya. Kesho unauchagua ufagio bila hata kufikiri.

Wapo wanasaikolojia wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walioandika juu ya jambo hili mwaka 2013. Walisema mtu anayeahirisha kazi mara nyingi hakushindwa kupanga muda wake. Anaikimbia hisia mbaya inayokuja na ile kazi, ili apate nafuu sasa hivi, na bili anamwachia yeye mwenyewe wa kesho. Niliposoma hayo nilicheka, maana nilijiona.

Miaka mingi nyuma nilikuwa na deni la shilingi 18,000 kwa mama mmoja mwenye duka mtaani kwetu. Fedha yenyewe haikuwa ya kuua mtu. Lakini niliahidi mwisho wa mwezi, mwezi ukaisha, nikaona haya. Nikaanza kupita njia ya nyuma, kwenye matope, kwa miezi mitano. Kiberiti nilikuwa nanunua mtaa wa pili. Ajabu ni kwamba mwezi wa tatu hela nilikuwa nayo, na bado nikawa napita matopeni, kwa sababu wakati huo hata deni lilikuwa limeshapitwa. Kilichobaki ni uso wa yule mama. Siku nilipokwenda alinikaripia kwa dakika kama tano hivi mbele ya wateja, akahesabu fedha yake, akaniuliza kama mafuta ya taa nachukua. Matope ya miezi mitano kwa karipio la dakika tano.

Sasa tumrudie mwalimu wako. Sitaki kumvunjia heshima, simjui, na huenda ile siku ya kwanza alikufaa kweli. Mama anayelea watoto peke yake akiambiwa na mtu kwamba anaweza, hiyo si zawadi ndogo. Lakini angalia zile sauti za alfajiri zinafanya nini. Unazisikiliza, unajisikia umeshafika, kisha unaikuta kazi palepale. Nao ni ufagio, ila wenye manukato. Kwa wiki saa zako saba zinakwenda huko, ambazo kwa hesabu yako mwenyewe ni sketi nne na ushee.

Kinachonikera zaidi ni lile la mtazamo. Mambo yakikunyookea, semina imefanya kazi. Yasipokunyookea, akili yako ndiyo mbovu, lipia daraja linalofuata. Mchezo wa namna hiyo mchezaji ni mmoja. Mwanasaikolojia Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye utafiti wake ndio uliolisambaza sana hili somo la mtazamo wa kukua, yaani kuamini kwamba uwezo wa mtu unaweza kuongezeka, amewahi kulalamika hadharani kwamba watu wamelichukua nusunusu. Anasema kumwambia mtu ajitahidi na aamini tu hakutoshi. Anahitaji pia kubadili mbinu na kupata msaada pale alipokwama. Kwenye 250,000 yako sioni palipoandikwa mbinu ya kumaliza vitambaa 14.

Na hizo siku 21 zina historia ya kuchekesha. Wengi huzifuatilia hadi kwa daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba mgonjwa huchukua angalau kama siku 21 kuizoea sura yake mpya. Sura, mwanangu, baada ya kukatwa pua! Watu wakaibeba wakaifanya kanuni ya kila tabia. Phillippa Lally na wenzake huko London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, majibu yao yakachapishwa mwaka 2010, ilionekana kwa wastani ilichukua siku 66. Wengine waliweza kwa siku 18, na wengine makadirio yalifika siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo akikwambia umeharibu kwa sababu siku ya tisa hukuamka, mwache aseme.

Hamasa isiyoisha haipo, hata kwa huyo mwalimu. Lakini wewe ni fundi, na jambo moja unalijua kuliko mimi: kazi ngumu ni mkasi wa kwanza. Kitambaa kizima kinatisha, maana ukikosea kukata hakuna kurudi nyuma. Ukishakata, mikono yenyewe inataka kuunganisha. Ulishawahi kukata gauni ukashindwa kulishona? Hamu inakuja nyuma ya mkasi. Wewe umekuwa ukiingoja itangulie.

Basi fanya hivi. Leo usiku watoto wakilala, shusha vitambaa vyote 14 ukavitandaze kitandani. Kwenye karatasi moja andika jina la mwenyewe, nguo, fedha uliyopokea, na siku uliyoahidi. Usishone chochote. Najua utatamani kuanza na kile chepesi ili ujisikie vizuri. Usianze, lala. Na hiyo saa kumi alfajiri achana nayo, amka na wanao.

Kesho saa nne, mpigie mwenye gauni la harusi. Huyo kabla ya wote. Nimefikiria kukwambia uanze na mteja mpole, upate ujasiri, nikaona hapana. Ukianza na mpole utamaliza wapole wote 13, na huyu atabaki juu ya kabati mpaka Pasaka.

Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Dada, ni mimi fundi. Gauni lako sikulishona na harusi imepita. Kosa ni langu. Kitambaa chako kipo salama, na fedha yako ya awali nitakurudishia tarehe fulani. Nikuletee kitambaa, au nikushonee nguo nyingine bila kukulipisha?" Kisha nyamaza. Usiseme umeme ulikatika. Usiseme mtoto aliugua. Sisi wateja wa mafundi tumesikia vifo vya mashangazi wengi kuliko idadi ya mashangazi waliopo nchini, mimi mwenyewe nimeuawa mara kadhaa. Akikaripia, msikilize mpaka amalize. Anaweza kukata simu. Anaweza kusema hataki kukuona tena, na hiyo itakuwa haki yake. Vyovyote vile kitambaa kitashuka kabatini.

Baada ya hapo, na wewe jisamehe. Silisemi hili kwa kukubembeleza. Michael Wohl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mwaka 2010 waliwaangalia wanafunzi walioahirisha kujisomea mtihani wa kwanza. Waliojisamehe walipunguza kuahirisha mtihani wa pili ulipokuja. Waliojichapa viboko moyoni waliendelea kukimbia, maana mtu hurudi vipi mahali anapochapwa?

Hivyo vitambaa 13 vilivyobaki vigawe. Ambavyo hutaviweza kabla ya Krismasi, virudishe na fedha zake. Ni aibu, lakini ni aibu ya siku moja. Sare za shule zipe kipaumbele, Januari haisubiri na mtoto hawezi kwenda darasani na ahadi. Kazi mpya pokea, maana lazima mle, ila kwa kila mbili za zamani zilizotoka pokea moja mpya. Kila jioni kabla ya kufunga, kata nguo ya kesho, ibane pini, iache juu ya cherehani. Asubuhi watoto wakishaondoka, unakaa na kushona, bila simu, bila sauti ya mtu. Rundo lifunike kwa khanga. Kundi la WhatsApp si lazima ujitoe kwa kishindo, linyamazishe tu.

Picha ya duka iache, ni picha nzuri. Ihamishie chumbani, na hapo kwenye cherehani bandika ile karatasi ya majina. Siku rundo likiisha na ukawa unataka cherehani ya pili, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo 10, asilimia 4 ni za vikundi vya wanawake. Fedha ya mkopo ikanunue chuma kinachoshona.

Neno la pembeni, na ulichukulie kwa uzito. Kama ule ulegevu hauishii kwenye cherehani, kama hata chakula hukitamani, usingizi hauji, na jambo lolote ulilolipenda halikugusi kwa wiki mbili mfululizo au zaidi, nenda hospitali ukamwambie daktari hivyohivyo. Huo huenda ukawa ugonjwa, na una tiba.

Mwenye gauni akichagua umshonee nguo nyingine, atakuuliza ni lini. Ulimi utataka kusema Ijumaa. Hesabu kwanza kwenye karatasi, mtajie siku unayoiweza, hata ikiwa ni wiki tatu mbele. Halafu niandikie alivyosema.

Shangazi