Umekipa kitufe kazi, nacho hakisikii: maswali kuhusu Vim na nano

Maswali ya safari hii kuhusu Vim na nano, programu za kuhariri maandishi, yametoka Lamu na Malindi, na mengi yana ugonjwa mmoja. Msomaji ameandika jina la kitufe, programu imesoma kitu kingine.

Nina saiba Malindi. Nataka F10 inionyeshe orodha ya mafaili niliyofungua kwenye Vim. Nimeandika `let &wildcharm = '<C-Z>'` lakini inagoma. Kosa liko wapi?

Kosa ni `let`. Mpangilio wa `wildcharm`, unaotaja kitufe cha kuita orodha, huhifadhi namba, si maneno. Ukitumia `set`, Vim yenyewe hulisoma jina la kitufe na kuligeuza namba. Ukitumia `let`, haigeuzi chochote: umeipa maandishi yenye herufi tano pale inapotaka namba. Andika hivi:

`set wildcharm=<C-Z>`
`nnoremap <F10> :b <C-Z>`

Usiache nafasi baada ya alama ya sawasawa. Kabla yake Vim huvumilia, baada yake hukataa. Kama lazima utumie `let`, toa namba yenyewe: `let &wildcharm = 26`, kwa kuwa Z ni herufi ya 26 ya alfabeti ya Kiingereza na Ctrl+Z hubeba namba hiyohiyo. Kisha hakikisha kwa `:set wildcharm?`; jibu liwe `wildcharm=^Z`.

Jambo jingine linalowasumbua wengi: ukifungua Vim kwa `vim -u failijingine`, hali ya kuiga Vi ya kale, mtangulizi wa Vim, huwashwa, na humo `<C-Z>` husomwa herufi kwa herufi. Weka `set nocompatible` kwenye mstari wa kwanza wa faili hilo.

Nimekipa F5 kazi ya kuhifadhi. Faili linahifadhika, ila kila mara kielekezi kinasogea herufi moja kulia. (Mwalimu, Mkomani, Lamu)

Mwalimu, tazama mwisho wa mstari wako. Baada ya `:w<CR>` (hifadhi, kisha Enter) kuna nafasi tupu isiyoonekana. Kwenye mistari ya `map`, yaani ya kukipa kitufe kazi kama `nnoremap`, Vim haipuuzi nafasi ya mwisho. Huihesabu kuwa kitufe, na kazi ya kitufe cha nafasi ni kusogea kulia. Fungua `.vimrc`, faili la mipangilio ya Vim, tafuta kwa `/\s\+$`, na uzifute zilizo mwisho wa mistari hiyo.

Maelezo nayo yasikae mstari mmoja na `map`. Ukiandika `nnoremap <F5> :w<CR> " hifadhi`, maneno hayo yote huwa vitufe vya kubonyezwa. Yapandishe mstari wa juu. Na ukihitaji alama ya `|` ndani ya `map`, andika `<Bar>`, maana ikiwa wazi hukata amri.

Ctrl+S inagandisha skrini nzima. Nimepoteza kazi mara mbili kwa kufunga dirisha.

Usifunge tena, bonyeza Ctrl+Q. Kazi yako ipo. Aliyegandisha ni terminali, yaani dirisha la amri ambamo Vim inaendeshwa: tangu zama za kale Ctrl+S ni amri ya kusimamisha maandishi, na Ctrl+Q ya kuyaachilia. Vim haikupata kitufe hicho kabisa, basi kuhariri `.vimrc` peke yake hakutoshi. Weka `[ -t 0 ] && stty -ixon` kwenye `.bashrc`, faili linalosomwa terminali inapofunguka, kisha fungua terminali upya.

Niko Shela, naingia kwenye seva kwa ssh (njia ya kutumia kompyuta iliyo mbali) kupitia bando la simu. Nimeweka `ttimeoutlen=10`. Nikiwa naandika, nikibonyeza mshale wa juu, unazuka mstari mpya wenye herufi A.

Mshale wa juu hausafiri kama kitu kimoja. Hutumwa vipande vitatu: Esc, O, A. Vikifika pamoja, Vim huelewa kuwa ni mshale. Mtandao ukisuasua, Esc hutangulia. Milisekunde 10 zikipita, Vim huamua kuwa umebonyeza Esc kweli na kutoka kwenye uandishi. O inayofuata hufungua mstari juu, halafu A inaandikwa.

Weka `set ttimeout ttimeoutlen=100`. Ikiendelea, jaribu 300, ukijua kwamba Esc yako nayo itachelewa kiasi hicho. Usiichanganye na `timeoutlen`, ambayo kwa kawaida ni 1000 na husubiri vitufe ulivyovipa kazi wewe.

Vim ikifunguka naona maneno ya kusaidia watoto wa Uganda. Ni virusi?

La, hasha. Bram Moolenaar, aliyetoa Vim mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, aliwaomba watumiaji wachangie watoto wa Kibaale, Uganda. Andika `:help iccf` usome.

Kwenye nano nimeandika `bind ^I insert main` ili Ctrl+I iingize faili jingine, sasa Tab imekufa.

Tab na Ctrl+I ni namba moja, 9. Nano haiwezi kuvitofautisha. Vivyo hivyo Ctrl+M na Enter, namba 13. Futa mstari huo kwenye `.nanorc`, faili la mipangilio ya nano, uandike `bind F9 insert main`. F9 ilikuwa ya kukata mstari, lakini Ctrl+K bado inafanya kazi hiyo.